Tumekuja Kumpiga Mbweha

Kila asubuhi katika gari la Shangazi ilianza kwa kugombea nafasi. Lilikuwa basi dogo kuukuu lililong'olewa viti, likawekwa vitanda, jiko la gesi, sinki na kabati ambalo mlango wake ulifunguka kila walipokata kona. Baba hakuweza kuchemsha chai mpaka kitanda cha Kiroboto kikunjwe, na kitanda hakikukunjika mpaka mwenyewe aamke. Siku hizo hakuhitaji kuamshwa. Alikuwa macho tangu alfajiri, akijigeuza huku na huku mpaka basi zima likawa linayumba.

"Wewe mtoto, kwani umelalia upupu?" Baba aliuliza huku akitafuta kiberiti.

Waliompa jina la Kiroboto hawakumwonea. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno, na kwake kukaa kimya kulikuwa adhabu. Sasa mchukue mtoto wa namna hiyo, umpeleke likizo kuwavizia mbweha wa porini! Shangazi, dada yake Baba, alikuwa mpiga picha. Mchapishaji wa vitabu vya watoto alikuwa amemwagiza picha ya mbweha jike akiwa na wanawe. Walisimamisha kibanda cha turubai la rangi ya nyasi kavu, chenye tundu la kutokezea kamera, na humo walijibanza asubuhi na jioni bila hata kukohoa. Walipata picha za kwale, na mkia mmoja ukipotelea kichakani. Likizo ilikuwa inayoyoma, na Shangazi alikuwa ameanza kununa.

Katika familia hii neno "picha" lilikuwa limeachwa siku nyingi. Shangazi angesema, "Yule twiga nilimpiga kwa mbele," na Baba angejibu, "Hukumpiga vizuri, umemkata shingo." Wao walielewana. Hawakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kuwasikia vingine.

Asubuhi hiyo tangi la basi liliisha maji, na Baba akamtuma Kiroboto na dumu kwenye shamba la kuku nyuma ya kilima. Mwenye shamba alikuwa mama wa makamo, mnene, amevaa buti za mpira, na kilemba chake kimejaa manyoya ya kuku. Wateja wake walimwita Mama Mayai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ninyi ndio wenye lile basi la mapazia?"

"Ndiyo, mama. Naomba maji."

"Bomba lile pale, kinga tu. Ila niambie, mmefuata nini huko porini?"

"Tumekuja kumpiga mbweha," Kiroboto akajibu, kama alivyozoea kusikia kwao.

Mama Mayai akatua ndoo ya pumba, akapiga makofi. "Afadhali! Yaani mmekuja wakati wake! Mbweha huyo ananimalizia kuku. Nazunguka uzio kutwa kucha, sioni anapopita. Mna risasi za kutosha?"

Kiroboto alishtuka. Alifungua mdomo aseme kwamba ni kupiga picha tu, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini Mama Mayai hakumpa nafasi.

"Mwambieni mwindaji wenu asihangaike kwingine. Analala kwenye lile tanuri la matofali lililoachwa, kwenye mteremko chini ya mabanda yangu. Tena ana watoto."

Tanuri! Na watoto! Kiroboto aliliona akilini tabasamu la Shangazi kabla hata hajafika kwenye basi, akafumba mdomo. Moyoni alijitetea haraka haraka. Hakuna neno la uongo alilosema. Na akimsahihisha, huenda huyu mama akakasirika na kuwafukuza kabisa. Alijaza dumu, akashukuru, akageuka kuondoka.

"Ngoja kwanza!" Mama Mayai aliita, akamjazia mayai kwenye mfuko. "Mpelekee mwindaji. Ale ashibe, asije akatetemeka mkono."

Baba aliyakaanga mayai hayo kwa vitunguu, na basi zima likanukia. Kiroboto alisema ameshiba. Baba akamgusa paji la uso kuona kama ana homa, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kumsikia akisema hivyo mbele ya mayai.

"Yule mama amesema mbweha wako kwenye tanuri," Kiroboto alimwambia Shangazi. Aliishia hapo.

Walihamisha kibanda siku hiyo hiyo, na jioni yake mbweha akatokea. Alitanguliza masikio, kisha pua, kisha akatoka mzima mzima, mwembamba na mwenye wasiwasi. Nyuma yake wakamwagika watoto, wakaanza kung'atana mikia juu ya matofali yaliyovunjika. Shangazi alipiga picha huku machozi ya furaha yakimlengalenga. Kiroboto alifurahi pia, lakini furaha hiyo haikumkaa. Kila mlango wa banda la kuku ulipogongwa kule juu, moyo ulimruka. Miguu ilimwasha, mikono haikujua pa kukaa, na humo ndani hamkuwa na pa kukimbilia.

"Tulia," Shangazi alinong'ona. "Una nini leo?"

"Mbu," Kiroboto akasema. Huo ulikuwa uongo mwingine, na huo hakuweza kujidanganya kwamba ni kweli.

Jioni iliyofuata mbweha jike alichelewa. Kiroboto alikuwa ameshika kamera ndogo yenye lenzi ndefu, akiangalia upande wa mabanda, alipoona nyasi zikitikisika chini ya ukuta wa banda la mwisho. Mbweha akachomoka hapo, na kinywani amebeba kuku mweupe. Kidole cha Kiroboto kilibonyeza chenyewe. Akaitazama picha kwenye kioo cha kamera. Kumbe ni kweli anakula kuku! Mpaka hapo alikuwa amejipa moyo kwamba Mama Mayai anamsingizia tu mnyama wa watu.

Kabla hajapumua, mbwa wakabweka karibu. Mbweha akazama ndani ya tanuri. Mama Mayai alikuwa anateremka kilima, mbwa wawili wakimvuta kwa kamba mpaka anakimbia bila kutaka, na begani ana jembe.

"Enyi wawindaji!" alipaza sauti. "Tangu jana natega sikio, sisikii mlio wa bunduki! Nikaona nije niwasaidie. Tuzibe matundu, tuwaachie mbwa, tumalize kazi."

Shangazi akatoka kibandani, ameduwaa. "Wawindaji gani, mama?"

Mama Mayai hakumsikia kwa kelele za mbwa. Alikuwa ameshaanza kusukuma matofali kwa jembe kuziba tundu la kwanza. Kutoka ndani ya tanuri ilisikika sauti nyembamba ya watoto wakilia.

Kiroboto akachomoka mbio, akasimama mbele ya jembe. "Mama, usiwaue! Hatuna bunduki. Tumekuja kupiga picha. Nilijua umenielewa vibaya, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka utuonyeshe wanapolala."

Mama Mayai alimtazama, akamtazama Shangazi, akaitazama ile kamera kubwa. Uso wake ulibadilika, na Kiroboto akatamani angemtukana tu yaishe.

"Mayai yangu mmekula," Mama Mayai alisema polepole. "Na kuku wangu wanaliwa, ninyi mnapiga picha. Mwanangu, hivi unajua mie nalala na viatu kwa ajili ya hawa wanyama? Sogea."

"Mama, tusamehe," Shangazi alisema. "Mimi mwenyewe sikujua."

Mkononi mwa Kiroboto ile kamera ndogo ilikuwa bado inawaka. Angeweza kuifuta ile picha kwa kubonyeza mara moja, aape kwamba mbweha hawa hawajawahi kugusa kuku. Badala yake akaigeuza kamera kuelekea kwa Mama Mayai.

"Ni yeye kweli," alisema. "Nimempiga picha sasa hivi. Kuku wako huyu hapa."

Mama Mayai alishika kamera akiwa tayari kulipuka. Kisha akakunja uso, akaisogeza karibu na macho. "Hebu ngoja. Hapa si kwenye mfereji wa kutolea maji machafu? Banda la mwisho?" Alivuta pumzi. "Ule waya wa kuziba mfereji nilidhani upo! Nyasi zimefunika, mie nahangaika na uzio!"

"Ukiwaua hawa, mama, mbweha wengine watapita hapo hapo," Baba alisema. Alikuwa amefika mbio kutoka kwenye basi, mkononi bado ameshika mwiko. "Tukusaidie kuziba sasa hivi."

"Ni rahisi kusema hivyo, kuku si wenu," Mama Mayai akajibu. Lakini alivuta kamba za mbwa, akawafunga kwenye mti. "Haya, tuzibe. Akila kuku mwingine, mtu asinishike mkono."

Walikata nyasi, wakashindilia mawe, wakakaza waya mpya mpaka mikono ya Kiroboto ikachubuka. Hakulalamika.

Jioni ya kesho yake, Mama Mayai alikataa kusimuliwa. Alijipenyeza mwenyewe ndani ya kibanda, turubai likavimba, Shangazi akabaki nusu nje. Mbweha jike alienda moja kwa moja kwenye mfereji. Akanusa, akaparua, akauzunguka ukuta. Kiroboto hakuthubutu hata kumeza mate. Hatimaye mbweha akaondoka, akapotea kwenye nyasi za bondeni. Aliporudi, giza halijaingia bado, alikuwa amebeba panya mnene.

Watoto wakatoka mbio kumpokea mama yao. Mmoja alijikwaa kwenye tofali, akabiringika mpaka karibu na kibanda, akakaa chini akishangaa turubai. Mama Mayai alimtazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," alinong'ona bila kumgeukia Kiroboto, "mtu akikuelewa vibaya, nawe ukajua, ukamwacha hivyo hivyo, umemdanganya, hata kama hukusema neno. Ungeniambia ukweli siku ile ningekasirika, labda maji ningekunyima. Lakini hasira zangu zingepita." Akaendelea: "Jana ningewaua hawa watoto, tena nikidhani nawasaidia ninyi."

Kiroboto alilia kimya kimya, na Mama Mayai akamvuta kwake.