Kabureta Iliyopulizwa kwa Mdomo

Mimi uchawi siuamini, ila nauogopa, na hiyo ni haki yangu. Hili ninalowaambia halikumpata jirani wa binamu wa mtu. Lilimpata kaka yangu wa tumbo moja, uani kwangu, jua likiwaka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nguo nimeshaanika, chai iko mezani, baba watoto anahangaika na pikapu yetu kuukuu, ile tunayobebea viti na maturubai ya kukodisha. Inawaka, inakohoa, inatoa moshi mweusi, inazima. Uani kote kunanuka petroli mpaka chai ikawa na ladha ya gari. Baba watoto akaitukana weee, alipochoka akamwita shemeji yake.

Kaka yangu alikuwa fundi magari, hana mke, anakaa kwenye chumba chetu cha uani. Watu walimwita Mluzi, maana hafungui hata nati moja bila kupiga mluzi. Alifungua boneti, akachomoa kabureta, akaitikisa sikioni kama mtu anayepima yai bovu.

"Dada, hii imekula chumvi nyingi," akasema. "Kibati cha kupitishia hewa kinacheza kama jino la mtoto. Nikiweka gasketi mpya ni kazi bure, hewa itapita tu pembeni. Katafute nyingine."

"Nikatafute mimi? Kwani fundi nani?"

"Fundi mimi. Mwenye mdomo wa kubishana na wauza vipuri ni wewe."

Ndivyo nilivyotoka, najisifu kichwani. Maduka matatu walinicheka, gari la aina hiyo halitengenezewi tena vifaa. Wa tatu akanielekeza kwa mwanamke mmoja nyuma ya wauza matairi, anauza vipuri vilivyotumika.

Duka lake halikuwa na doa la oili. Jamani, duka la vipuri! Nimeolewa na mwenye pikapu miaka kumi na sita, sijawahi kuona sakafu kama ile. Mwenyewe kavaa glovu za kuoshea vyombo mpaka kwenye viwiko. Kabureta ilikuwa moja tu, imelazwa juu ya kitambaa cheupe. Ilikuwa ileile tuliyoihitaji.

"Ilitoka kwenye gari la mume wangu," akasema. "Nani ataifunga?"

"Kaka yangu."

"Ni mzima? Kifua hakimsumbui?"

"Anafunga kabureta, dada, habebi gunia."

Hakucheka. "Anasafisha kwa kompresa, au kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Kompresa yake ni mbovu."

Hapo ndipo akaanza kuifunga kwenye kitambaa, taratibu, kama anamvisha mtoto. Moyo ulinidunda. Niliusikia kabisa ukidunda, nikaupuuza, na hilo sitajisamehe.

Nyumbani, kaka akafanya kama mafundi wote wafanyavyo. Kile kifaa kina vitundu vidogo vya kupitisha petroli. Fundi anaweka mdomo, anapuliza, anafumba jicho moja na kuchungulia. Alipuliza cha kwanza. Akapuliza cha pili. Kwenye cha tatu mashavu yalimbonyea ndani ghafla, macho yakamtoka, akajibandua kwa nguvu. Midomo ilikuwa myeupe.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Imenivuta."

"Nini kimekuvuta?"

"Sijui. Nimepuliza, nayo ikavuta. Kama mtu anamalizia soda kwa mrija."

Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka mpaka baba watoto akashika ubavu. Pikapu ikawaka kwa ufunguo mmoja, ikatulia, haina moshi wala kikohozi. Baba watoto akaibusu boneti.

Jioni kaka alishindwa kupuliza chai yake. Nilimwona anaisogeza mdomoni, anakunja midomo, hakuna kitu. Kesho yake mluzi haukutoka. Akasema ni mafua.

Mafua gani yanakuja na kuondoka na gari? Maana hilo nililigundua mimi, wenye akili wakiwa wamelala. Pikapu ilikuwa inaegeshwa chini ya dirisha lake. Ikizimwa, kaka anahema juu juu, kifua kinampanda kama aliyekimbizwa. Ikiwashwa, anatulia. Nilimwambia baba watoto awashe, nikahesabu, azime, nikahesabu. Mara tano. Mara ya tano baba watoto aliniangalia, kisha akaangalia boneti kama hajawahi kuiona.

"Tuitoe," akanong'ona.

"Ukiitoa, na pumzi yake je?"

Tukampeleka hospitali. Daktari alimpima kaka akasema mapafu ni safi.

Jumatatu saa nne asubuhi baba watoto alizima gari ili aongeze maji. Nikasikia kitu kimeanguka chumbani. Kaka alikuwa sakafuni, mdomo wazi, hakuna kinachoingia wala kutoka. "Washa!" nikapiga kelele. "Washa!" Gari likawaka, naye akavuta hewa.

Tukaliacha linanguruma. Petroli ilikuwa imebaki kidogo sana, mshale uko chini kabisa. Baba watoto akachukua dumu akakimbilia kituo cha mafuta, mimi nikakimbilia kwa yule mwanamke. Nilikuwa na hasira ya kung'oa mlango.

Nilimkuta anafunga duka. Amevaa vizuri, amejipaka wanja.

"Umemfanya nini kaka yangu?"

"Si nilikuuliza?" akasema polepole. "Nilikuuliza yote, ukanijibu mwenyewe."

"Pumzi yake iko kwenye lile dude lako. Irudishe!"

"Mume wangu alikuwa fundi pia. Alipuliza kwa mdomo, kama wa kwako. Nimekaa naye kwenye kitambaa miaka tisa." Akafunga kufuli. "Mlango ni mmoja, mama. Akiingia mmoja, mwingine anatoka. Mume wangu alitoka siku ileile, amekaa kifuani kwa kaka yako. Anasubiri tu nafasi."

"Nafasi gani?"

"Gari lizimike."

Sikumbuki njia niliyorudi nayo. Nakumbuka nilipofika getini sikusikia kitu. Uani kimya. Pikapu imesimama, na baba watoto yuko chini anahangaika kuinuka, dumu limepinduka mkononi, petroli inanywewa na mchanga. Alijikwaa hatua sita kutoka kwenye tanki.

Niliingia chumbani. Kaka alikuwa kitandani. Hahemi. Nilimshika mkono. Hahemi. Nikamwita. Nikampiga kofi.

Akavuta hewa.

Alivuta ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka kisimani. Akafumbua macho, akanitazama kwa adabu sana.

"Samahani, shemeji," akasema. "Nimewasumbua. Mke wangu hajafika?"

Shemeji! Mimi niliyembeba mgongoni. Mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Yule mwanamke alikuwa amesimama getini. Hakuwa na glovu. Mwenye mwili wa kaka yangu akamwendea. Mwanamke akamshika mkono, naye akampangusa machozi kwa kidole gumba, hivyo, kama kazoea. Walipita kando ya pikapu bila kuigeuzia macho. Nilimng'ang'ania shati mpaka vifungo vikakatika. Akanibandua vidole kimoja kimoja, kwa upole.

Ningemwambia nini askari? Mtu mzima ameondoka kwa miguu yake, anacheka. Sasa kwenye lile duka wanauza ndala.

Kabureta hatukuitoa. Pikapu haijawashwa tangu siku ile. Ukizungusha ufunguo haiitiki. Wanunuzi wa vyuma wamekuja mara nne, nimewafukuza, wa mwisho kwa ufagio. Majirani wanasema nimechanganyikiwa. Waseme.

Wao hawajaamka alfajiri wakaja uani. Milango ya pikapu imefungwa, vioo vimepandishwa, ndani hakuna mtu. Na kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva, kwa ndani, kuna ukungu. Unakuja mviringo mdogo, upana wa kiganja. Unafifia. Unakuja tena. Mwendo ni wa mtu aliyelala.

Jana niliweka kiganja changu kwa nje, nikamwambia, "Kaka, ni mimi." Ukungu ukasita. Kisha ukaja haraka haraka, mwingi, kioo kizima, mpaka nikaanza kulia na mimi.