Kifungua Kinywa cha Madereva Watatu

Jumamosi Asnakech alirudi kutoka kazini, akaitupa barua mezani. Lilikuwa onyo la pili.

"Ikija ya tatu, sina kazi," alimwambia mumewe, Gizachew. "Hospitali imechoka na mfagiaji anayefika saa moja na dakika kumi."

Gizachew alikuna kichwa. Aibu ilimshika, maana yeye ndiye dereva wa basi, tena njia ileile ya mkewe: kutoka kituo cha treni ya mjini hadi hospitali, hapo Addis Ababa. Njia ina mabasi matatu tu.

"Nashuka treni saa kumi na mbili na dakika kumi," Asnakech aliendelea. "Nasimama dakika arobaini kwenye baridi! Halafu mnatokea watatu kwa mpigo, kama msafara wa harusi. La mbele watu wanakanyagana, la nyuma kondakta anapiga miayo."

"Mabasi hayatoshi, mke wangu. Walete la nne."

Jumapili jirani yao Mulunesh alikuja kunywa kahawa. Anafanya kazi katika ofisi inayopanga usafiri wa jiji. Alisikiliza malalamiko yote, kisha akavuta sinia la kahawa na bakuli la buni mbichi.

"Shemeji, saa kumi na mbili na robo asubuhi mabasi yako wapi?"

"Upande wa hospitali. Tunakula."

"Nyote watatu?"

"Sasa nani ale peke yake? Sisi wachoyo?"

Mulunesh alicheka. Alipanga vikombe vitatu upande mmoja wa sinia. "Haya ni mabasi. Huku ni kituo cha treni. Treni huja kila dakika ishirini." Aliweka buni tano, na juu yake punje moja iliyoungua. Akaongeza tano. Akaongeza nyingine tano. "Huyu mweusi ni mke wako."

"Ahsante sana!" Asnakech alisema.

"Sasa mmeshiba, mnakuja." Alivisukuma vikombe vyote pamoja. Buni zote zikaingia kikombe cha kwanza hadi zikamwagika. Cha tatu hakikupata hata moja.

"Ongeza la nne," Gizachew alisema haraka.

Mulunesh aliongeza kikombe. "Na dereva wake atakula na nani?"

"Na sisi," Gizachew alikiri. Vikombe vinne vikaenda pamoja, na viwili vikarudi vitupu.

"Ofisini tunafanya hivihivi kwa kompyuta," Mulunesh alieleza. "Tunajaribu kwanza kwenye mji wa kuigiza, ili tusiwatese watu wa kweli. Tazama sasa." Alirudi kwenye vikombe vitatu, akavitenganisha. Kila treni iliposhusha buni tano, kikombe kimoja kilikuwa kinafika. Hakuna punje iliyobaki. "Kwenda dakika ishirini, kurudi ishirini, kula ishirini. Mabasi matatu yanatosha, ila mle kwa zamu."

Asnakech alimgeukia mumewe taratibu.

"Kumbe kazi yangu mnaikunja kwenye mkate wenu wa injera mnaila!"

Kahawa ilimpoa Gizachew mkononi.

Jumatatu aliwaeleza wenzake. Walimzomea. "Nile peke yangu kama mwizi?" mmoja aliuliza. Gizachew aliwachorea vikombe chini kwa kijiti, akawaambia habari ya barua. Hapo kelele zilipungua. Wakakubaliana: anayemaliza kula humsubiri anayefika, humlisha tonge moja kwa mkono, ndipo anaondoka. Msimamizi wa njia alikubali wajaribu wiki mbili.

Kesho yake Asnakech alishuka treni. Saa kumi na mbili na robo basi la Gizachew lilikuwa linamsubiri, na viti vipo. Zamu yake ya kula ilikuwa bado. Asnakech alifungua mkoba, akakata injera, akamtia mumewe tonge kubwa mdomoni mbele ya abiria wote.

"Umekula na mtu," alisema. "Endesha sasa."

Walifika saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Mlinzi wa lango la hospitali alitazama saa yake mara mbili.

"We Asnakech! Jana ulilala humu?"

"Nilale humu nina nini? Nimeletwa na mume wangu."