Mkono Mtulivu Kuliko Wote

Sindano ilitetemeka kidogo mkononi mwa Hajara, ikamwambia kwa Kinubi safi kwamba tangu asubuhi hajanywa maji. Hajara akaiweka chini na kujimiminia maji ya ndimu.

"Sawa, mama mkwe," aliijibu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ukumbi huo ulikuwa ghorofa ya juu kabisa ya Mnara wa Kibra, Nairobi, enzi ambayo watu walikwenda kufanya kazi kwenye vituo vya angani kama babu zao walivyokwenda Mombasa. Hapo ndipo wanawake wajawazito wa Kinubi walipokutana kusuka tabaga, zile kawa za rangi kali za kufunikia chakula. Wanubi ni jamii ndogo, lakini usithubutu kuwaambia hivyo usoni. Tabaga zao zilikuwa zimetundikwa hata huko angani.

Aliyeiunda sindano ile alikuwa binti yao, Mhandisi Mastura Fadhul. Kabla yake, jiji liliwagawia wajawazito wote bangili za akili unde zilizouliza kila jioni, "Unajisikiaje leo?" Bangili hizo zilikuwa zimefundishwa kwa sauti na vyakula vya wanawake wengine. Wanubi walizijibu "Nashukuru Mungu," kisha wakazifungia kabatini. Mastura alikasirika, ila hakuwakasirikia jamaa zake. Alijua kuwa kwao mwanamke hasemi ya moyoni kwa kuulizwa. Huyasema akiwa na kazi mkononi.

Basi akachukua sindano ya kusukia, akaipachika vihisi vidogo kuliko chembe ya chumvi. Vihisi vilisoma mapigo ya moyo kwenye ncha za vidole, joto la ngozi, uvimbe na mwendo wa mkono, kwa maana mkono wenye hofu huvuta uzi kwa nguvu kisha husita. Sindano ikihisi hivyo, ilimnong'oneza mwenyewe apumzike, atembee kidogo, au amwambie mwenzake kinachomsumbua. Hali ikizidi, iliita kliniki ya ghorofa ya chini. Kila mwanamke alikuwa na sindano yake na tabaga yake.

Siku hiyo Mastura alimpokea Daktari Kerubo kutoka wizarani. Alimwongoza hadi kwenye kioo cha ukutani, kilichoonyesha kwa mstari hali ya kila mkono, akitembea kama mtu aliyetoka kuozesha binti vizuri.

"Huyu ndiye fahari yetu," alisema, akigusa mstari mmoja wa kijani. "Zamzam Rajab. Mimba ya kwanza iliharibika, na sasa mumewe yuko angani. Tulimhofia sana. Lakini hebu tazama, daktari. Wiki nzima mkono wake ndio mtulivu kuliko wote."

"Ni yupi?"

"Yule mwenye leso ya samawati."

Mastura akageuka kumwonyesha. Zamzam alikuwa ameketi karibu na dirisha, ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Hakuwa na sindano. Kwenye kioo, mkono wake ulikuwa bado unasuka.

Mastura aliangaza macho ukumbini. Akaiona tabaga nyekundu ya Zamzam mapajani mwa Hajara.

"Hajara, mbona una sindano ya mwenzako?"

"Nampokea," Hajara alijibu, akishangaa kuulizwa. "Kwani dada, wewe hukulelewa hapa? Mtu akichoka unampokea tabaga, asije akaonekana amekaa nayo nusu. Jana Nafisa ndiye aliyempokea."

"Tangu lini?"

"Tangu vidole vilipoanza kumvimba. Anasema ni uchovu tu."

Mastura aliijua desturi hiyo. Mama yake alipokewa hivyo hivyo alipokuwa na mimba ya mdogo wake. Lakini aliupenda mno ule mstari wa kijani, akasahau.

Daktari Kerubo alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya Zamzam. Alibonyeza mguu wake kwa kidole, na shimo likabaki.

"Kichwa kinakuuma, mama?"

"Kidogo tu. Nashukuru Mungu."

"Na macho?"

Zamzam aliwatazama wenzake. "Naona vimulimuli," alisema, na machozi yakamtoka. "Niliogopa kusema. Niliogopa iwe kama ile ya kwanza."

Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Walimshusha kwa lifti, Hajara akimshika mkono, na jioni hiyo hiyo mtoto akatolewa kwa upasuaji: msichana mdogo sana, ila sauti yake ilisikika hadi kwenye korido. Zamzam alipona. Jicho lake la kushoto tu ndilo halikurudi kama zamani, na Mastura hakuwahi kulitazama bila kuumia.

Wataalamu wa wizara walishauri sindano ifungwe, isikubali kidole kingine ila cha mwenyewe.

"Mnataka niwafundishe jamaa zangu kutosaidiana?" Mastura aliwauliza. "Siwezi. Kupokewa ndiyo njia yao ya kusema wanaumwa. Mashine yangu ndiyo haikuelewa."

Akaiunda upya. Sasa sindano ilitambua kila mkono, na ilipohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, iliwatetemekea wote wawili, ikaubadili rangi mstari wa aliyepokewa na kumwita muuguzi. Habari zilienea, na haukupita muda wanawake wa jamii nyingine ndogo wakaja kumwomba awaundie ya kwao.

Mwaka uliofuata Mastura naye alikuwa mjamzito. Aliketi ukumbini, akasuka huku amenyoosha mgongo, na kila aliyemuuliza hali alimjibu anashukuru. Lakini mkono ulianza kusita. Usingizi ulikuwa umempotea, na hofu yake hakuwa amemwambia hata mumewe.

Zamzam, mtoto mgongoni, alinyoosha mkono. "Lete nikupokee."

"Ngoja nimalize mzunguko huu."

"Mastura."

Mastura aliitazama sindano, akakitazama kioo. Kisha akampa. Zamzam akainamisha kichwa upande ili jicho zima lione vizuri, akaanza kusuka.

Ukutani, mbele ya macho ya watu wote, mstari wa mhandisi uliacha kuwa wa kijani. Hajara akamsogezea kikombe cha uji.