Sikio la Anabela

Kila siku ya shule, saa moja kasorobo, Agnes alikuwa ameshafika darasani, katika shule ya Mahurunga, kijiji kilicho mpakani kando ya mto. Kwao ni Njombe. Shirika moja la elimu lilikuwa limemleta ajitolee kwa mwaka mmoja, awafundishe kusoma watoto wa darasa la tatu waliobaki nyuma. Aliwapanga kwa vikundi: wa herufi, wa silabi na wa maneno. Kila Ijumaa aliwapima mmoja mmoja.

Anabela alikuwa katika kikundi cha maneno. Muhula wa kwanza alisoma vizuri. Sasa alikuwa anarudi nyuma. Ukimwita, haitiki. Ukisema fungueni kitabu, anaangalia kwanza wenzake wanafanya nini.

Jumatatu moja Agnes alisimama nyuma ya darasa akamwita mara tatu. Mtoto hakugeuka. Agnes akamfuata, akamshika bega.

"Una kiburi wewe," alisema. "Nenda kakae na kikundi cha herufi mpaka ujifunze kuitika."

Watoto wakacheka. Anabela alihama, machozi yakimlengalenga.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Alhamisi, vipindi vilipokwisha, Agnes alipita katikati ya majaruba ya mpunga kwenda nyumbani kwa kina Anabela.

Mama wa mtoto, Lucinda, alimkaribisha bila kutabasamu.

"Mtoto kasema shule harudi, mwalimu. Kasema umemwita mwenye kiburi."

Agnes alimtafuta mtoto kwa macho. Anabela alikuwa amelala barazani kwenye mkeka. Agnes alipochuchumaa karibu naye, harufu mbaya ikampiga. Sikio la kushoto lilikuwa limezibwa kwa pamba, na pamba ilikuwa imelowa usaha.

"Hili limeanza lini, mama?"

"Tangu masika. Linatoka usaha, linakauka, linatoka tena. Tunamtilia mafuta ya nazi ya moto. Jana homa ikapanda."

Baba yake, Bernardino, alikuwa anafunga mzigo. "Nampeleka kwa bibi yake, ng'ambo ya mto, nchi ya pili," alisema. "Ana majani ya kukamulia sikioni. Mtumbwi unanisubiri."

Agnes alimwomba asubiri kidogo. Akampigia simu Salma, mhudumu wa afya wa kijiji, naye akaja mbio kwa baiskeli. Salma alimtazama mtoto upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Baba Anabela, sogea uone mwenyewe. Sikio hili limesukumwa mbele. Nyuma yake pamevimba, pana moto. Usaha umeingia kwenye mfupa, na kutoka hapo hadi kwenye ubongo si mbali. Anatakiwa hospitali leo hii. Mkivuka mto mtapoteza siku nzima."

Bernardino aliinama akalitazama sikio. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimezaliwa ng'ambo. Huko hospitali wataniuliza karatasi za uraia."

"Watakuuliza mtoto anaumwa nini," Salma alisema. "Nitakwenda nanyi."

Bernardino bado alikuwa ameshika kamba ya mzigo. Hapo Anabela akainuka ghafla, akatapika. Lucinda hakungoja tena. Alimbeba mwanawe mgongoni, akamfunga kwa khanga.

"Mimi natangulia," alimwambia mumewe.

Bernardino aliuacha mzigo, akamfuata.

Zahanati ilimchoma mtoto sindano ya kwanza na kuita gari la wagonjwa. Hospitali ya mjini ilimfanyia upasuaji jioni ileile kuondoa usaha. Walipofika, mpokezi alikuwa ameuliza jina la mtoto, umri wake na anaumwa nini, basi. Bernardino alijibu yote matatu.

Jumamosi Agnes alikwenda kumwona. Alikaa mbele yake, ili mtoto auone mdomo wake vizuri.

"Nilikukosea, Anabela. Hukunisikia, nami sikukuuliza. Nisamehe."

"Nilikuwa nasikia kama watu wanaongea ndani ya mtungi," Anabela alisema.

"Mbona hukusema?"

"Ilikuja kidogo kidogo, nikazoea. Nilidhani wote wanasikia hivyo."

Agnes alimshika mkono.

Siku waliyorudi kijijini, Salma alikwenda kuwaelekeza. "Mafuta basi. Majani basi. Sikio msilizibe kwa pamba. Mkiona usaha, sokoteni kitambaa safi, laini, mkiingize taratibu mdomoni mwa sikio, kinyonye. Kikilowa, wekeni kingine, mpaka pakauke. Fanyeni hivyo mara tatu kwa siku. Maji yasiingie, na mtoni asioge. Kisha mleteni zahanati, msingoje. Akivimba nyuma ya sikio, akiwa na homa au akitapika, ni hospitali siku hiyohiyo."

"Basi mafuta yetu ndiyo yaliyomharibu?" Lucinda aliuliza.

"Hayakumsaidia, na mlichelewa. Lakini mlimpeleka. Yupo."

Agnes naye alibadili namna yake ya kufundisha. Kabla ya kumpima mtoto yeyote kusoma, alisimama nyuma yake na kumwita kwa sauti ndogo. Wiki ya kwanza aliwapata wawili wasiogeuka, Helder na Nuru. Aliwafuata wazazi wao nyumbani, wakawapeleka zahanati.

Anabela alirudi shuleni baada ya wiki tano. Sikio la kushoto lilikuwa limekauka, ila halikusikia sawasawa kama zamani. Agnes alimweka dawati la mbele, upande wa kushoto, ili sikio la kulia lielekee mwalimu anaposimama.

Ijumaa ya pili alimpa hadithi fupi ya kurasa mbili. Anabela aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma polepole, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. Alipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza, Agnes alitaka kumwambia inatosha. Anabela alikuwa ameshaufungua wa pili.