Sifuri kwenye Kipimo

Saa 4:10 asubuhi

Chumba cha nyuma cha duka la matairi, mjini Kokkola, nchi ya Wafini. Hillevi alitandaza ramani ya kiwanda cha kusaga betri chakavu juu ya rimu kuukuu.

"Leo mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi. Mji mzima umekimbilia maziwani kuoga sauna na kuchoma soseji. Mlinzi wao naye hatarudi kabla ya saa tisa. Tunaingia saa saba, saa saba u nusu hatupo. Betri arobaini za lithiamu za magari. Aarre, zimekufa?"

"Zimekufa, bosi. Kipimo kinasema sifuri."

"Zote?"

"Zote."

Alidanganya bila kupepesa. Kazi ya Aarre kiwandani ni kuziua betri chakavu, kuzinyonya umeme hadi tone la mwisho kabla hazijasagwa. Betri yenye umeme ikipigwa vibaya hupasuka, na moto wake hauna adabu: ukiuzima, unaamka. Mashine ya kunyonya ni kobe, na Hillevi si mtu wa kuambiwa "bado". Kwa hiyo zile kumi na mbili za mwisho Aarre alizitumbukiza kwenye pipa la maji ya chumvi. Chumvi ikala vichwa vya betri kabla umeme haujatoka. Kipimo kikasoma sifuri kwa sababu mlango umeoza, si kwa sababu nyumba ni tupu.

Wala hakukosa usingizi. Gari la mzigo angeendesha Hillevi mwenyewe. Likilipuka, Mungu ampokee.

Hillevi akamimina kahawa. "Chukua."

"Sitaki."

Mfini akikataa kahawa, ama mgonjwa, ama ana jambo. Hillevi akamtazama, akatazama kikombe, akakinywa mwenyewe.

"Simu zote ndooni. Zinabaki hapa."

Saa 7:05 mchana

Kadi ya Aarre ikafungua lango. Wakaanza kupakia. Ilmo, mdogo wake Aarre, alibeba betri mbilimbili huku akipiga mluzi.

"Braza, mbona unazibembeleza? Umezaa nazo?"

"Weka taratibu, Ilmo."

"Si zimekufa? Maiti hateguki kiuno."

Saa 7:31

Hillevi akabamiza mlango wa nyuma, akarusha ufunguo. Ilmo akaudaka.

"Endesha wewe, dogo. Mimi nakuja na gari dogo."

"Tulikubaliana ni wewe," Aarre akasema.

"Nimebadili. Kuna tatizo?"

Barabara ya Vaasa, njia ya mzigo, ilikuwa imefumuliwa, mashimo matupu. Aarre akakimbilia mlango wa dereva.

"Ilmo, shuka. Kumi na mbili zina umeme."

Ilmo akacheka hadi akagonga usukani. "Wivu huo! Nikishika usukani tu, wewe unaota moto." Akatia gia, akaondoka.

Hillevi akaingia garini mwake bila haraka. "Ulipokataa kahawa nikajua umetuuza kwa polisi. Nikasema atangulie mdogo wako, aingie mtegoni yeye kwanza. Kumbe ni umeme tu?" Akawasha. "Basi akifika, mzigo umefika."

Akamwacha pale, vumbi likimpaka uso.

Saa 7:38

Simu ya Ilmo ilikuwa ndooni kule dukani. Simu pekee ilikuwa ukutani, kibandani kwa mlinzi. Aarre akavunja kioo kwa kiwiko, akapiga namba ya dharura, damu ikimchuruzika.

"Gari jeupe la mizigo, barabara ya Vaasa. Lisimamisheni. Dereva ni mdogo wangu, akae mbali. Msifungue nyuma, nasema msifungue!"

"Jina lako?"

Angeweza kukata. Kulitaja jina ni kujipeleka jela.

"Aarre Kentala. Betri tumeziiba sisi."

"Usikate, bwana Kentala."

Saa 7:56

"Amepatikana," mwanamke wa simu akasema. "Yuko mtaroni, ana pingu. Gari linatoa moshi mweupe..." Akasikiliza redio yake. "Limelipuka. Mdogo wako mzima. Mikono imeungua, lakini mzima."

Aarre akateleza ukutani mpaka chini. Akalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

"Bwana Kentala? Wamemwambia ni wewe uliyepiga. Anauliza kitu kimoja tu."

"Aulize."

"Alipokuwa anazibeba, ulikuwa unajua?"

King'ora kilikata kona ya kiwanda. Aarre akafuta pua kwa mkono wenye damu.

"Ndiyo. Mwambie ndiyo."

Redio ikakoroma kule mbali. Mwanamke akasubiri jibu la Ilmo, Aarre naye akasubiri. Halikuja.