Joto la Kiti cha Meno

Jumatatu asubuhi Dokta Saady aligusa kiti cha kung'olea meno, akakikuta kina joto. Si kiti chote. Ni ile mikono miwili ya kushikilia, tena joto la viganja, kana kwamba aliyekalia kainuka sasa hivi. Na chumba kilifungwa tangu Ijumaa. Nje ilikuwa mvua ya Kibondo, na baridi iliyomvika mtoto huyu wa Tanga sweta mbili.

"Loyce, nani kakaa hapa?"

"Nani akae hapo kwa hiari, Dokta?" akajibu muuguzi wake, Muha wa Kasulu, bila kugeuka.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Obedi, fundi baiskeli. Saady hajamchoma hata sindano, kaligusa jino tu kwa koleo, likatoka kama mbegu ya papai. Obedi akatabasamu. Aliyeanguka magoti ni daktari: maumivu yalimwingia kwenye gego la kushoto, yakamshuka shingoni, pua ikajaa harufu ya karafuu na damu.

Ikawa hivyo kwa wa pili. Ikawa hivyo kwa wa tatu. Kufika Alhamisi watu walikuwa wakitoka Murungu, wengine hadi Muyama, kumfuata daktari asiyeumiza, wakimpigia makofi ya heshima kama Waha wamsalimuvyo mkubwa, naye nyuma ya pazia anang'ata taulo na kusoma kila dua aliyofundishwa chuoni utotoni, hata ya safari, huku chini ya kiti kitu kikipumua polepole, kama mtu anayejizuia asilie, na kadiri alivyosoma ndivyo pumzi ile ilivyozidi kujibana, mpaka vyuma vya kiti vikaanza kutetemeka.

"Dokta," Loyce akanong'ona, "pumzi hiyo naijua. Ni ya yule bibi wa asali."

Saady akatazama viatu vyake.

Wiki tatu nyuma vilibaki vichupa viwili vya ganzi. Na Saady, aliyeng'oa meno kwa miaka kumi na tisa akizunguka kutoka Mtwara hadi Mpanda na kuwaambia watu "haiumi", aliogopa koleo kuliko mtoto mdogo. Alikuwa na gego lake bovu, la kushoto. Vichupa akavificha kwenye soksi. Bibi Maximilla alipokuja kung'olewa jino, Saady akamchoma maji ya dripu. Bibi hakutikisika. Aliushika tu mkono wa kushoto wa kiti. Kwao Tanga mtu akiumwa jino mtaa mzima unajua. Angejuaje kwamba huku mama mtu mzima halii mbele ya mgeni? Akajiambia labda maji yamefanya kazi. Kesho yake bibi alirudi na chupa ya asali, akapiga makofi, akashukuru kwa Kiha: "Mwakoze, mwanangu." Na asali ile Saady aliila, akalamba na kijiko.

Ijumaa wakamwita bibi. Mbele ya foleni nzima Saady akapiga magoti, akasema yote, hata soksi.

"Nilijua," bibi akasema kwa sauti ya chini. "Ganzi ikidondokea ulimi ni chungu. Yako ilikuwa na chumvi."

"Mbona hukulia, bibi?"

"Mbele ya watu? Ungeitwaje, mwanangu, na wewe mgeni wetu?"

Heri angemzaba kofi.

"Kilio changu nilikiacha hapo," akaendelea, akikionyesha kiti kwa kidevu. "Kitoe wewe."

Saady akampa Loyce vile vichupa viwili. "Vya wagonjwa," akasema, akapanda kitini bila ganzi. Loyce, aliyeshuhudia meno yasiyohesabika yaking'oka, akashika koleo, akalivuta lile gego bovu. Saady akaachama alie, na sauti iliyomtoka haikuwa yake: "Yoo mawe! Yoo mawe we!" Sauti ya mwanamke mtu mzima akimlilia mama yake, ndefu, ya wiki tatu. Foleni ikakimbilia mvuani. Bibi Maximilla peke yake alibaki, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaaga kwa makofi, akaenda zake.

Karafuu haikunuka tena.

Loyce akapapasa mkono wa kushoto wa kiti. "Umepoa," akasema. Akapapasa wa kulia. Akautoa mkono wake upesi.

"Dokta... ni bibi peke yake uliyemchoma maji?"

Kinywa cha Saady kilikuwa kimejaa pamba. Na gego la kulia, lililokuwa zima tangu azaliwe, lilikuwa limeanza kupwita.