Brekidauni ya Mikebe

Siku ya soko Kitengela, watu wakisukumana na mbuzi wakilia, Namunyak alimkuta kijana amechuchumaa kando ya brekidauni ya baba yake, kamba mkononi. Akajua ni mwizi wa spea.

"Toka hapo kabla sijaita watu."

Kijana huyo, Ndolo, akainuka, shati lake la kijani limejaa grisi, akaeleza kwamba anapima magurudumu tu. Yeye hutengeneza magari madogo ya mikebe, na lori zuri la kuvuta magari kama hilo hajaona barabara yote ya Namanga. Namunyak, shanga zimemjaa mikononi, alijaribu kukasirika ikamshinda.

Wakaanza kupigiana simu. "Mwendwa, nimemaliza winchi," Ndolo angesema, akimwita mpenzi kwa Kikamba, naye angecheka kwamba wasichana wengine husifiwa macho.

Ndolo hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kutaja kwa mahari. Kigari hicho cha mikebe, mfano wa brekidauni ile, ndicho angempelekea Mzee Parsaoti, baba ya Namunyak, ndio amkubali. Alikitengeneza vile brekidauni ilivyo: spoku ya baiskeli ikawa ndoano, malapa yakawa magurudumu, na kwenye mlango wa kushoto akaning'iniza kibao cha ASANTE BABA. Kile cha brekidauni yenyewe Namunyak ndiye alikifunga pale, na mzee alijigamba nacho mpaka kanisani.

Alipopelekewa, mzee alifurahi kama mtoto. Akazungusha winchi, akahesabu taa, kisha akainua kibao kwa ukucha. Chini yake mlango ulikuwa umebonyea.

"Hii ni nini?"

"Ni vile iko, mzee," Ndolo akasema kwa fahari. "Nilipima."

Maskini ya Mungu! Mzee alitoka nje akainua kibao cha brekidauni yenyewe. Ndipo ikajulikana kwamba Namunyak alikuwa akijifunza kuendesha kwa siri, akaingia nayo mtaroni, kisha akaficha aibu kwa shukrani.

Ndolo akipiga simu, anaambiwa mteja hapatikani. Chakula kikamkataa. Alimpenda sana huyo msichana, na yeye mwenyewe ndiye alimchoma kwa baba yake, akitoa siri asiyoijua.

Jumamosi moja brekidauni ikasimama mbele ya kibanda chake. Kwa usukani alikuwa Namunyak, mzee kando yake.

"Baba aliniuliza nani alinitoa mtaroni," akasema, amenuna. "Nikamwambia nilifunga winchi kwa mti, nikajivuta peke yangu. Dereva wake hajawahi kuweza hiyo. Sasa dereva ni mimi. Lakini wewe bado nimekukasirikia."

"Nisamehe, mwendwa."

"Ingia. Tunaenda Machakos kwa mama yako. Baba anataka kujua kama kwenu wote hamjui kunyamaza, ama ni wewe tu."

Kicheko kikamponyoka Namunyak. Ndolo akafungua mlango mbio, akitafuta njia ya kupita akae karibu naye. Mzee akasogea katikati.

"Kaa hapo mwisho," akasema. "Hamjaoana."